Gurudumu la Spoku Arobaini

Tulipokuwa wadogo pale Ng'ambo, mjini Tabora, hakuna mtu aliyepanda baiskeli ili apunguze kitambi. Kwanza vitambi vyenyewe vilikuwa vichache, na kila kimoja kilijulikana ni cha nani. Baiskeli ilikuwa kazi. Ilibeba maji, ilibeba mkaa, ilibeba mgonjwa, ilibeba bibi harusi na sanduku lake, ilibeba mbuzi aliyefungwa kwenye keria akitazama nyuma njia nzima kama aliyesahau kitu nyumbani. Ya kwetu ilinibeba mimi.

Niliugua ugonjwa wa kupooza nikiwa na miaka mitatu. Nilipopona, mguu wa kulia ulibaki mwembamba, hauna nguvu, na mpaka leo natembea kwa gongo. Shule ya karibu na kwetu ilikuwa na ngazi kila mahali, kwa hiyo baba aliniandikisha katika shule ya mbali, upande wa pili wa reli, ambayo madarasa yake yalijengwa chini na milango yake haikuwa na hata kidato kimoja. Watoto wenzangu waliosoma huko walitembea karibu saa nzima. Mimi nilikaa nyuma ya baba, kwenye keria iliyowekewa mto wa kitambaa cha magunia, gongo langu likiwa limefungwa kwenye bomba la baiskeli kama bunduki ya askari.

Baba yangu, Saidi, alikuwa fundi bati sokoni. Alitengeneza vibatari, ndoo, makarai na zile faneli ndogo za kujazia mafuta. Shati lake lilinuka risasi ya kuchomelea, na kwa kuwa uso wangu ulikuwa mgongoni kwake miaka saba, harufu ile ndiyo ninayoiita asubuhi. Hakuwahi kuniita Zuhura. Nilipewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo aliniita Mama. "Mama, umeshika vizuri?" Hilo ndilo neno lake la kwanza kila siku, kabla hajakanyaga pedeli. Tukifika kwenye mchanga wa barabara ya zamani, ile iliyoanza kukanyagwa na misafara ya pembe za ndovu, alikuwa akishuka na kusukuma, huku akinisimulia kwamba babu yake alikuwa mpagazi, alitembea mpaka pwani na mzigo begani, akarudi. "Yeye hakuwa na hata gurudumu moja," alisema. "Mimi ninayo mawili. Nitalalamika nini?"

Alikuwa na cha kulalamikia, ila hakupenda tu. Njia ile ilikuwa adui wa magurudumu. Kulikuwa na mchanga, kisha changarawe iliyojipanga mistarimistari ikatutikisa mpaka meno yakagongana, kisha mitaro ya maji machafu iliyokatiza barabara, kisha yale mataruma na vyuma vya reli. Kila baada ya miezi michache ringi ya nyuma ilipinda, au spoku zilikatika, mbili, tatu, halafu nyingine zikafuata kama watu wanaoaga msibani. Watoto wa mtaani kwetu waliombea ajali hizo kimyakimya. Ringi iliyokufa ilikuwa mali yao. Waliisukuma kwa kijiti mtaa mzima, wakishindana, miguu imejaa vumbi jekundu, na mimi niliyeshindwa kukimbia ndiye niliyekuwa mwamuzi. Nilikaa kizingitini na michembe yangu ya viazi kwenye bakuli, na uamuzi wangu haukukatiwa rufaa, maana ringi zote zilitoka kwetu.

Nilipokuwa darasa la saba, alikuja mfanyabiashara mmoja kwa treni kutoka Dar es Salaam na magurudumu ambayo Tabora ilikuwa haijayaona. Ringi zake zilikuwa nyepesi, nyeupe, zinang'aa hata kwenye kivuli, na spoku zake nyembamba kama sindano za kushonea. Baba alikuwa mtu wa bati. Kitu kinachong'aa kilimmaliza. Alikuja nalo nyumbani moja, la nyuma, amelishika mbele yake kwa mikono miwili.

Mama yangu, Bi Hadija, alikuwa jikoni anakaanga vitumbua vya kuuza. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, na mwenye macho makali kwenye vyombo. Alilitazama lile gurudumu, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Saidi," alisema, "umenunua gurudumu au umenunua kioo?"

"Ni la kisasa, mke wangu. Ona lilivyo jepesi."

"Naona. Na mtoto naye ni mwepesi?"

Baba alicheka, akalifunga. Kusema kweli na mimi nililipenda. Kwa wiki chache tulikuwa watu wa kutazamwa. Baiskeli ilikwenda bila kelele, jua likipiga kwenye ringi, na wasichana wa darasani kwetu walisimama getini kutungoja. Nilianza kunyoosha shingo kidogo.

Kisha mvua za masika zikaanza. Asubuhi moja, karibu na reli, baba alikwepa mkokoteni wa ng'ombe na gurudumu la nyuma likatumbukia kwenye mtaro. Sikusikia mlio mkubwa. Nilisikia kama mtu anavunja vijiti vya kuwashia moto, tik, tik, tik, na ile keria ikaondoka chini yangu. Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye matope, paji la uso linavuja damu, na baba amepiga magoti ananiita, "Mama, Mama, Mama," bila kungoja niitikie. Gurudumu lilikuwa limejikunja kama namba nane. Bado liling'aa.

Nilishonwa nyuzi nne. Kovu lipo hapa, juu ya nyusi, na wanafunzi wangu wanadhani nilipigana.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko nyuzi. Mama hakugomba. Angegomba tungezoea. Alikaa kimya siku mbili, halafu jioni, tukiwa tumemaliza kula, akasema kwa upole kwamba mtoto hatapanda tena baiskeli ile. Baba akasema sawa, nitambeba. Na kweli alinibeba mgongoni, siku nne, mimi na gongo langu na daftari zangu. Siku ya tano alishindwa kuinama kwenye fuawe lake la kazi, akarudi nyumbani mapema akitembea upande upande kama kaa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, sikuwa mzigo wa mchezo.

Ndipo mama alipoleta shauri la shangazi yangu aliyeishi Choma, huko Igunga, mke wa mfugaji, aliyekuwa na cherehani. "Zuhura aende kwa wifi yangu," alisema. "Atajifunza kushona, akiwa amekaa. Nimemwona mwanangu ametapakaa damu mara moja. Sitaki kumwona mara ya pili."

Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza miezi michache tu. Niliinama nikatazama ukili wa mkeka. Nilitaka kusema kitu, lakini enzi zetu mtoto hakuingilia mazungumzo ya wazazi, hasa yanayomhusu yeye. Watoto wa sasa wangekwisha kutoa hoja tano na kutaka kikao.

Baba akasema, "Nipe wiki moja, Hadija. Kosa lilikuwa la macho yangu. Safari hii sitachagua kwa macho."

Jumamosi alfajiri alinichukua, akasukuma baiskeli yenye gurudumu la kuazima mpaka ukingo wa mji, mahali ambapo wauza mkaa waliingilia kutoka upande wa Kigwa. Tukakaa kwenye gogo. Sikuelewa tunangoja nini. Walipoanza kutokea, mmojammoja, kila mtu na magunia mawili makubwa nyuma na wengine la tatu juu yake, baba alisimama njiani akawaamkia, akawaomba radhi kwa kuwachelewesha, kisha akachuchumaa nyuma ya baiskeli zao. Alihesabu spoku. Alipitisha kidole kwenye ringi. Aliuliza kila mmoja swali lilelile: hili gurudumu una nalo tangu lini, na limewahi kukuangusha?

Kulikuwa na mzee mmoja, mweusi kwa vumbi la mkaa, macho tu ndiyo yaliyoonekana. Alifurahi sana kuulizwa. Nadhani hakuna mtu wa mjini aliyewahi kumuuliza kitu zaidi ya bei.

"Wewe unataka kubeba nini?" alimuuliza baba.

"Huyu," baba akanionyesha.

Mzee alinitazama, akatazama gongo, akatazama bandeji. Akatua baiskeli yake, magunia na yote, ikaegemea mti. "Basi sikiliza. Ringi ya chuma, si bati. Nzito, itakuchosha, lakini ukiigonga inarudi. Nyuma spoku arobaini, nene, usikubali pungufu. Mbele thelathini na mbili zinatosha. Na usinunue lililosukwa dukani. Nunua vitu vyake, umpe fundi asuke mwenyewe, nawe ukiwa umekaa pale."

Fundi wetu alikuwa Masanja, Msukuma kutoka Ziba, aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Alikuwa mtu wa maneno machache na alimsalimia kila mteja kwa Kisukuma, hata Waarabu wa madukani. "Mwangaluka," alisema siku ile, na alipoona tulichoshika, ringi nyeusi nzito, habu ya kizamani ya chuma, kile kitovu cha gurudumu, na fungu la spoku nene, aliweka chini chai yake.

"Leo umekuja na akili, Saidi."

"Ulijua lile jeupe litavunjika?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuja kunionyesha."

Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa Masanja spoku, moja baada ya nyingine, na mpaka leo naweza kuona jinsi alivyozipitisha kwenye habu, hii ikienda mbele, hii nyuma, zikipishana mara tatu kabla ya kufika kwenye ringi. Alipomaliza kuzifunga alizigonga kwa ufunguo, akitega sikio. Iliyolia nyembamba aliilegeza kidogo, iliyolia nzito aliikaza. Akaligeuza gurudumu, akaweka ukucha wa kidole gumba karibu na ringi, akatazama. Akarudia. Akarudia tena. Adhana ya adhuhuri ilipoanza, lile gurudumu lilikuwa linazunguka na ule ukucha haukuguswa hata mahali pamoja.

"Rudini baada ya wiki mbili," alisema. "Spoku mpya zinalegea zikikaa. Nitazikaza tena. Watu hawarudi, halafu wanasema gurudumu baya."

Mama alitupokea uani. Hakulisifu. Alifuta mikono, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaiendea ile baiskeli na kukaa kwenye keria, kwenye mto wangu.

"Twende," alimwambia baba.

"Wapi?"

"Mtaroni."

Sijasahau sura ya baba. Mama yangu, nimekwisha kusema, hakuwa mwepesi. Baba alipanda, akakanyaga pedeli mpaka mishipa ya shingo ikatoka, baiskeli ikaanza kwenda kwa kuyumba, na mtaa wote ukatoka nje. Watoto wa ringi walikimbia nyuma yao wakiwa na matumaini makubwa. Kulikuwa na mtaro mkavu mbele ya nyumba ya jirani, wenye kingo kali. Baba aliupunguzia mwendo. "Usipunguze," mama akasema. Wakatumbukia, wakaibuka. Akamwamuru arudi. Wakatumbukia tena. Mara ya tatu mama alipiga kelele moja ndogo, siyo ya woga, ilimtoka tu, na wanawake wa mtaa wakacheka mpaka wakashikana. Aliposhuka, baba aliinua nyuma ya baiskeli na kulizungusha gurudumu. Lilikwenda sawasawa. Watoto walitawanyika kwa huzuni.

Mama alinyoosha kanga yake. Alikuwa anahema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, sijui kwa kicheko au kwa nini. "Jumatatu aende shule," alisema, akarudi kwenye vitumbua.

Usiku ule nililala kama mtu aliyewekewa kitu kizito kifuani wiki nzima, halafu kikaondolewa.

Siku ya mtihani anga ilikuwa nyeupe tangu alfajiri, na tulipofika nusu ya njia mvua ya ajabu, ambayo haikuwa ya msimu wake, ilimwagika. Mbele hatukuona. Mitaro ilijaa ikawa sawa na barabara, huwezi kujua wapi pana ardhi na wapi hapana. Baba angeweza kushuka na kusukuma, lakini tungechelewa, na waliochelewa hawakuruhusiwa kuingia. Alisimama sekunde chache, maji yakimchuruzika kwenye kofia.

"Mama, umeshika vizuri?"

"Nimeshika."

Karibu na reli tulitumbukia. Nilijua ni mahali palepale. Pigo lilipanda mpaka kwenye kovu langu jipya, nikafumba macho na kungoja ule mlio wa vijiti. Sikuusikia. Baiskeli iliibuka upande wa pili na kusimama. Baba alishuka, akaniacha nimekaa, akaliinua gurudumu mimi nikiwa juu yake, sijui alipata wapi nguvu, na kulizungusha kwa kiganja. Lilizunguka. Tulilitazama wote wawili kwenye ile mvua, likizunguka, maji yakiruka kwenye spoku.

"Haya," alisema, akipanda tena. "Haya, twende."

Mwalimu mmoja alinipa sweta lake, nikafanya mtihani nikiwa nanuka manukato ya mtu mwingine. Katikati ya hesabu niliinua kichwa nikamwona baba dirishani, mbali, chini ya paa la stoo ya shule. Hakwenda kazini. Alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli na kitambaa, akifuta tope kwenye spoku moja moja, bila haraka, kama anayemwogesha mtoto.

Nilifaulu. Nikaenda sekondari ya bweni, kisha chuo cha ualimu, na leo nafundisha Kiswahili hapahapa Tabora. Baba na mama wapo, wazee sasa, na bado wanabishana ni nani aliyeogopa zaidi siku ile ya mtaroni.

Mji umebadilika. Barabara kubwa zina lami, mkaa unaingia kwa pikipiki, na vijana wananunua magurudumu kama wanavyonunua viatu: wanauliza kama ipo rangi nyekundu. Kidato cha kwanza mwaka huu nina msichana anaitwa Neema, anayeumwa nyonga na hawezi mwendo mrefu. Baba yake, Petro, kijana wa nywele zilizochongwa pembeni, alikuwa akimleta kwa baiskeli ya gia nyingi sana, ringi za kijani, spoku za kuhesabika kwa vidole. Kwao ni mbali na lami, makorongo matupu, na hata kwenye lami kuna matuta, na bajaji zinakusukumia kwenye mawe ya pembeni. Siku moja nilimsimamisha getini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Petro, hilo gurudumu la nyuma litakuangushia mtoto."

"Hili? Hili ni la kisasa, mwalimu."

Ilibidi nigeuke pembeni kidogo. Kisha nikamweleza: chuma, spoku arobaini, asuke fundi, arudi baada ya wiki mbili zikazwe.

"Hayo ya wazee bado yapo?" aliuliza.

"Yapo machache. Uliza maduka ya nyuma ya soko, siyo ya mbele."

Alicheka kwa adabu, nami nikajua hatanisikiliza. Wiki moja ikapita, nikawa siwezi kuanza somo la kwanza mpaka nimemwona Neema amekaa. Wiki ya pili Petro alikuja na gurudumu jeusi, zito, baya, haliendani kabisa na ile kijani ya mbele. "Wenzangu wananicheka, mwalimu," alisema. Nilihesabu spoku. Zilitimia.

Siku hizi nasimama getini asubuhi, wanakuja. Jambo moja linanishangaza kila mara. Kile kipande cha mwisho cha lami ni laini kiasi kwamba Neema husinzia. Anafika ameegemeza shavu mgongoni kwa baba yake, mdomo wazi kidogo, amelala. Sisi hatukuweza kulala. Tulilijua kila shimo, tulijua hapa unabana meno, hapa unashika kwa mikono yote miwili, na tukapiga soga ili tusahau woga, ndiyo maana mpaka leo najua mambo ya babu wa baba yangu ambayo hayakuandikwa popote. Neema hajui hata jina la mtaa anaopita. Simtakii mitaro yetu, wala nyuzi nne. Jana Petro alitaka kumwamsha, nikamwashiria kwa mkono aache. Kengele ilikuwa bado dakika mbili. Tukasimama pale, mimi na gongo langu, yeye ameshika usukani, tukimlinda aendelee kulala.